Mume Mmoja, Mashine Moja, Nyumba Mbili

Vijana wa kitengo chetu waliniaga kwa keki, saa ya ukutani na ombi. Keki tuliila palepale. Saa nimeitundika chumbani, inagonga kila saa, na ndiyo moja ya sababu zinazonifanya nisilale. Ombi lao ndilo hili ninalolitekeleza sasa: niandike nilivyofanya kazi, ili uzoefu usipotee. Nilitaka kuwaambia kwamba uzoefu haupotei wenyewe, unapotezwa, tena kwenye vikao. Lakini siku ya kuagwa mtu hasemi kila anachokijua.

Nawaonya mapema. Humu hamna habari za vyeo, kwa sababu karibu vyote nilivyopata vilikuwa vya kukaimu, wala za mshahara, kwa sababu ni habari fupi mno. Mtasoma jinsi mtu anavyolala na jinsi watu wa Pemba wanavyotaka ijulikane kwamba wanalala. Hayo ni mambo mawili, na mimi nimetumia miaka yangu ya mwisho ya kazi nikisafiri kati ya moja na jingine.

Unesi niliuanza mwaka vyama vingi viliporudi. Nilipelekwa kituo cha afya huku kaskazini, nikiwa na kofia nyeupe na viatu visivyofaa kwa barabara za Wingwi. Kituo kilikuwa na mlango mmoja, lakini kijiji kilikuwa na pande mbili, na kila upande ulitaka kutibiwa bila kukalia benchi moja na mwenzake. Watu waliokula sinia moja tangu utoto waligundua ghafla kwamba hawawezi kununua chumvi duka moja. Ilikuwa hivyo hata kwa harusi na, Mungu atusamehe, hata kwa maziko.

Mkuu wa kituo alikuwa Bi Raya, mkunga wa zamani, mrefu, mkali, asiyependa maneno mengi wala sindano chafu. Yeye tatizo la benchi alilimaliza kwa kuleta la pili na kuyapanga mawili yale yaangaliane.

"Wakichoka kununiana wataamkiana," alisema.

Wengine iliwachukua chaguzi tatu.

Siku yangu ya kwanza Bi Raya alinifundisha kuhesabu pumzi za mtoto. Nilimkodolea macho mtoto wa watu kifuani, mtoto akaanza kuhema kwa hofu, nami nikaanza kuandika kwamba ana homa ya mapafu. Bi Raya akanivuta mkono. "Usimtazame yeye. Tazama upindo wa kanga aliyofunikwa." Nikautazama upindo, ukapanda ukashuka taratibu, na homa ya mapafu ikaisha bila dawa. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mgonjwa natazama upindo kwanza. Nyinyi mna mashine, lakini upindo hauhitaji chaji.

Fundisho lake la pili lilikuwa la maneno. "Usimuulize mtu kalalaje," alikuwa akisema. "Atakwambia vizuri, alhamdulillahi. Muulize anayelala naye." Nililishika fundisho hilo kama nilivyoshika Fatiha. Bi Raya alitangulia mbele ya haki kabla hatujaletewa vihisio, na ni mara nyingi nimetamani awepo anieleze kidogo zaidi, maana hakunambia wakiwa wawili wanaolala naye nimuulize yupi.

Vihisio vilikuja na mradi. Mradi ulikuja na semina. Tulikusanywa Unguja, kwenye ukumbi wenye baridi ya mashine, tukafundishwa kwa siku nzima jinsi ya kupima ubora wa usingizi wa mtu nyumbani kwake: klipu ya kidoleni yenye taa nyekundu, inayosoma oksijeni na mapigo ya moyo, mkanda wa kifuani unaohisi mtu anavyovuta pumzi, mrija mwembamba wa puani, na kishkwambi kinachopokea yote hayo bila waya. Kubwa walilolitafuta ni maradhi ya kukatika pumzi usingizini. Mtu anakoroma, koo linaziba, pumzi inasimama, mwili unashtuka, anavuta hewa kwa nguvu, kisha anaendelea kukoroma kama hakuna lililotokea. Asubuhi anaamka amechoka kama aliyelima, na mchana anasinzia popote alipo. Mtoa mada alizungumza baada ya chakula cha mchana, biriani, na ukumbi mzima ukampa mfano hai.

Mikoba ya vifaa ilikuja ya rangi ya chama kimoja. Rangi yenyewe sitaitaja, maana bado naishi hapahapa. Aliyeichagua bila shaka alikaa ofisi ambayo rangi ni rangi tu. Nyumba ya kwanza niliyopiga hodi na mkoba ule, mama mwenye nyumba alitazama mkoba, akanitazama mimi, akanambia mume wake kasafiri. Mume wake alikuwa nyuma yake anakula. Nikarudi nyumbani nikaishonea ile mikoba foronya za maua, na kuanzia hapo ikaonekana kama mito, jambo ambalo kwa mradi wa usingizi halikuwa baya.

Ikabaki mitihani mingine. Kuingia shehia lazima upite kwa sheha, mkuu wake aliyewekwa na serikali. Ukifuatana na sheha, nusu ya milango inafungwa. Usipofuatana naye, nusu nyingine. Nilijifunza kukaa kwa sheha nikanywa chai ndefu, nikamuuliza habari za ng'ombe wake mmoja mmoja, mpaka achoke mwenyewe na kuniambia niende tu. Halafu kulikuwa na wale waliouliza kama ile klipu inanasa mtu anaota nini, na hasa anaota yuko foleni ya upande gani. Niliwaapia kwamba inasoma oksijeni tu. Mzee mmoja akanijibu, "Leo oksijeni, kesho kadi." Watoto wao waliita vifaa vyangu hirizi ya hospitali, na jina hilo ndilo lililonifungulia milango, kwa sababu hirizi kila mtu anajua inavyovaliwa.

Lakini mtihani mkubwa haukuwa uadui. Ulikuwa ni ukarimu.

Sisi mgeni hatumpi ukoko. Akija ghafla, atachinjiwa kuku aliyekuwa akitaga. Sasa mgeni wa serikali anakuja kuomba usingizi; nyumba yenye adabu itampaje usingizi mbovu? Wingwi nilimfungia mkoba babu mmoja mwenye kifua kibaya, nikawaonyesha watu wa nyumba namna ya kuvalisha, nikaondoka. Taarifa zikarudi za mtu mwenye moyo wa mcheza mpira. Nikarejea kuuliza. Mwenye nyumba akanijibu kwa fahari kabisa.

"Babu hana usingizi wa kuwapa watu, Bi nesi. Tumemvalisha kijana wetu Hamad. Yule kilala, hata ukinkokota haamki."

Ikawa hivyo nyumba baada ya nyumba. Mgonjwa alikaa pembeni akikohoa, hirizi ya hospitali ikafungwa kwa bingwa wa ukoo. Makao makuu wakanipigia simu kunipongeza: kaskazini Pemba inalala vizuri kuliko sehemu zote za mradi. Nikawaeleza habari za Hamad. Wakanambia data haidanganyi. Hilo ni kweli. Hamad kweli alilala.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Kombo, na kicheko changu kikapungua.

Kombo alikuwa dereva wa lori. Alipakia saruji, mchele na unga bandari ya Wesha akavileta kaskazini, na kurudi alibeba ndizi na karafuu. Mtu mkubwa, shingo nene, sauti ya upole. Alasiri, akipita njia ya Wingwi, wanafunzi waliotoka skuli walikuwa wakimsimamisha na kupanda nyuma juu ya magunia, na hakuna hata siku moja alimwacha mtoto njiani. Hakuwatoza kitu. Wala hakuuliza wa upande gani, na miaka ile hilo lilikuwa jambo la kutajwa.

Alasiri moja lori lilitoka barabarani pole pole, likaingia shamba la muhogo, likasimama kwenye banda la mbuzi. Watoto juu ya magunia walishangilia, wakidhani ni njia ya mkato. Kombo alikuwa kwenye usukani, mikono yote miwili imeshika, anakoroma. Hakuumia mtu. Mbuzi mmoja alikimbia na hakurudi. Mwenye shamba alikuwa wa upande wa pili, kwa hiyo ajali ikawa ya kisiasa wiki nzima kabla ya kuwa ya kitabibu, na aliyeniletea mgonjwa alikuwa mwalimu wa skuli, aliyejua kwamba mara nyingine pembeni mwa njia hapatakuwa na muhogo, patakuwa na bonde.

Nikamuuliza Kombo kama anakoroma.

"Mie sikoromi, Bi Zuwena," akanambia kwa unyenyekevu. "Sijapata kujisikia hata siku moja."

Basi nikarudi kwa kanuni ya Bi Raya: muulize anayelala naye. Kombo alikuwa na wake wawili. Bi Mize, mkubwa, yuko Wingwi, mwembamba, hodari wa kilimo na wa maneno. Bi Asha, mdogo, yuko Makangale, fundi cherehani, hatoki nje bila asumini kwenye nywele. Walikuwa hawajasemezana tangu ndoa ya pili, na vyama vilipokuja kila mmoja alichagua kile ambacho mwenzake hakukichagua. Siku mbili huku, siku mbili kule. Zamu ya Kombo ilikuwa ya kuaminika kuliko ratiba ya boti.

Kumfunga mwanamume mkanda wa kifuani si kazi yangu, na hata kama semina ilisema ni kazi yangu, Wingwi haikuhudhuria semina. Nilimfundisha Bi Mize. Alielewa upesi, akanirudishia maelezo yote bila kosa. Mkoba uliporudi, kishkwambi kilionyesha usingizi mtulivu, pumzi kama saa, oksijeni imesimama juu. Ningefurahi, kama nisingeushika mkanda. Ulikuwa umekazwa hadi tundu la mwisho, lile la watu wembamba, na Kombo ni mtu ambaye tundu la kwanza lenyewe lingemlalamikia.

Nikaenda Makangale kwa Bi Asha, nikamweleza yaleyale. Akauliza swali moja tu.

"Huko Wingwi yametoka vipi?"

"Vizuri," nikasema, na hilo lilikuwa kosa.

Taarifa za Bi Asha zilitoka vizuri zaidi. Kama kungekuwa na zawadi ya kulala, Kombo wa Makangale angempita Kombo wa Wingwi kwa mbali. Nilipoukunjua mkanda niusafishe, likadondoka ua la asumini, limenyauka, na mkanda wote ukanukia udi.

Vijana, msije mkacheka mkadhani wale wanawake walikuwa wajinga. Mwanamke wa kwetu akisemwa hajui kupika atacheka. Akisemwa mvivu atajibu. Lakini kusemwa mume hapati usingizi kwake, tena kusemwa na chombo cha serikali, na jina la nyumba likaandikwa, huku kwa mwenzake anapata, hilo utalibeba mpaka kaburini na watu watalitaja matangani. Hakuna semina iliyotufundisha hilo. Walitufundisha kubadilisha betri.

Nikawaita wote wawili kituoni, kila mmoja bila kumwambia kuhusu mwenzake. Walipokutana mlangoni kila mmoja aligeuka arudi. Nikasimama kwenye njia. Wakaingia, wakakaa kwenye yale mabenchi mawili ya Bi Raya, wakaangaliana kwa sababu mabenchi hayaruhusu vinginevyo.

"Bi Mize, aliyelala na mkanda ni nani?"

"Mume wangu."

"Mume wako ana tumbo. Mkanda umefungwa tundu la mwisho."

Akatazama paa. "Mwanangu Shaame," akasema mwishowe. "Kombo kalala hata sijafungua mkoba. N'takwenda kumwamsha ntu kalala, nimpime kama kalala?"

"Na wewe, Bi Asha? Kombo anavaa asumini?"

Bi Asha akajitanda vizuri. "N'livaa mie. Lakini n'lilala kweli, wallahi."

Bi Mize akaniambia mimi, kama kwamba mimi ndiye mkalimani, "Mwambie, kwangu mie hakoromi."

"Nawe mwambie," akasema Bi Asha, naye akinitazama mimi, "kwangu hata chafya hapigi."

Nilipandwa na hasira ambayo sikujua ninayo. "Basi anakoroma wapi? Njiani! Njiani ndiko anakolala, na watoto wenu wako nyuma! Nisikilizeni. Kombo akifa usukanini hakuna atakayeuliza alikuwa analala vizuri kwa nani. Eda mtakaa nyote wawili, miezi minne na siku kumi, na hiyo haina zamu."

Nje mama mmoja aliyekuwa akimbembeleza mtoto akaacha. Bi Asha alianza kulia bila sauti. Bi Mize hakulia. Alikuwa akiuvuta uzi wa upindo wa kanga yake.

"Kwangu husita," akasema Bi Mize, na mara hii hakuniambia mimi. "Pumzi. Husita, husita, mpaka n'nampiga ubavu ndo avute."

Bi Asha akainua kichwa. "Nami humsukuma bega," akasema. "Mie silali siku za zamu yangu. Nangoja avute."

"Hata mie silali."

Niliwatazama nikaona aibu kwa hasira yangu. Miaka yote hiyo wake wawili walikuwa wakimlinda mtu huyo huyo asife, kwa zamu, kila mmoja akidhani ni siri yake peke yake na ni kasoro ya nyumba yake. Kombo hakujua. Yeye alikuwa analala.

Ikabaki suala la pa kumpimia. Wingwi Bi Asha hakutaka, Makangale Bi Mize hakutaka, na hospitali Kombo mwenyewe hakutaka, akisema anayelazwa hospitali huamka na ugonjwa mwingine. Bi Mize ndiye aliyesema, "Mpimeni kwenye gari. Gari haina nke." Na ni kweli, kila siku baada ya adhuhuri, akingoja zamu ya kupakia pale Wesha, Kombo alikuwa analala kwenye kiti kirefu cha mbele cha lori lake.

Tulikwenda. Wachukuzi wa bandarini waliacha magunia waone wake wawili wa Kombo wakishuka gari moja, jambo walilolichukulia kuwa kubwa kuliko meli. Bi Mize alimfunga mkanda, tundu la kwanza, tena kwa kuvuta. Bi Asha akamvalisha klipu kidoleni na mrija puani. Kabla hawajamaliza Kombo alikwishalala. Kila mke akasimama kwenye mlango wake, mmoja kulia, mmoja kushoto, nami nikakaa kwenye ngazi ya lori na kishkwambi mapajani.

Alikoroma kwa sauti iliyowafanya wachukuzi wacheke. Halafu koromo likakatika. Kifua kilihangaika, mkanda ukaonyesha mwili unavuta, lakini mrija haukuleta kitu. Namba ya oksijeni ikaanza kushuka. Ikashuka tena. Nimeona watu wengi wakifa katika kazi yangu na nilijua namba ile inakwenda wapi ikiachwa. Mkono wa Bi Mize ukaingia dirishani umpige ubavu, wa Bi Asha ukaingia upande wa pili umsukume bega.

"Mwacheni," nikasema.

"Bi Zuwena!"

"Mwacheni. Chombo kione."

Sijapata kutoa amri ngumu kama hiyo, kumwambia mke asimwamshe mume anayezimika mbele ya macho yake. Niliogopa kuliko wao. Mikono miwili ile ikabaki hewani juu ya yule mtu mpaka Kombo akashtuka kwa kishindo, akavuta hewa, akaanza upya kukoroma. Kisha ikakatika tena. Na tena. Tulipomwamsha alitukuta wanawake watatu tumelowa machozi milangoni mwa lori lake, akauliza nani kafariki.

Daktari wa hospitali ya Chake Chake aliposoma ile taarifa hakuuliza mara mbili. Alimzuia kushika usukani kwa muda, na akamkabidhi mashine ya kusukuma hewa, ile moja tu ambayo mradi ulituletea kwa majaribio: kisanduku kidogo, bomba, na barakoa ya kufunika pua. Kombo akaijaribu, akajitazama kwenye kioo, akasema amefanywa tembo. Bi Mize akamwambia tembo wana umri mrefu.

Sasa mashine moja, nyumba mbili. Ilibidi nayo iende kwa zamu. Ilisafiri kwenye kikapu, imefungwa kanga, na mnajua kanga za kwetu hazinyamazi. Ya kwanza kutoka Wingwi ilikuwa imeandikwa *Mwenye wivu ajinyonge*. Ikarudi kutoka Makangale imefungwa *Semeni mchoke, nimeshapendwa*. Watu njiani walijua hali ya nyumba mbili zile kwa kusoma kikapu. Lakini barakoa ilikuwa ikirudi imeoshwa inang'aa, kwa sababu hakuna aliyetaka mwenzake aione chafu, na nakuhakikishieni hakuna mashine ya aina ile duniani iliyotunzwa hivyo. Baadaye ndani ya kikapu zikaanza kuonekana limau kutoka Wingwi, na vitumbua kutoka Makangale, "vya Kombo", ambavyo Kombo mwenyewe havili. Mwisho ikabaki kanga moja tu, ikienda na kurudi bila kubadilishwa: *Wema hauozi*. Kombo akawa hasinzii tena mchana, daktari akamrudisha usukanini, na watoto wa Wingwi wakarudi juu ya magunia.

Basi ikatoka ripoti ya mradi. Taarifa ya Wesha waliikataa kwa hoja kwamba lori si makazi. Zile za Shaame na Bi Asha walizipokea kwa mikono miwili, pamoja na za Hamad na mabingwa wenzake. Hitimisho likawa kwamba kaskazini ya Pemba haina tatizo la usingizi, hivyo mradi ufungwe na vifaa vikusanywe. Klipu na mikanda nilivirudisha siku hiyohiyo, pamoja na foronya. Wakauliza mashine iko wapi.

Afisa aliyetumwa kuichukua alikuwa kijana mwenye tai, mstaarabu, na gari isiyozoea barabara zetu. Alikwenda Wingwi. Bi Mize akamkaribisha, akampa madafu, akamwambia kwa masikitiko, "Mwanangu, umechelewa. Zamu ya Makangale hino." Akaenda Makangale. Bi Asha akampa chakula, akamwambia, "Lo, mwanangu, imeondoka asubuhi. Iko kwa mwenzangu." Alirudi Wingwi, kiuno kinamuuma, akaambiwa, "Mwenzangu kasahau, imekwenda tena." Neno "mwenzangu" nililisikia kwa masikio yangu, kwa sababu kufika hapo alikuwa amenichukua nimwonyeshe njia. Wanawake ambao kwa miaka yote hawakukubaliana hata juu ya siku ya mwezi kuandama walikuwa wamekubaliana neno kwa neno.

Akanigeukia mimi. "Bi Zuwena, wewe ni mtumishi wa umma. Niambie kweli. Mashine iko wapi?"

Nikamwambia kweli tupu. "Iko kwa mke wake."

"Yupi?"

"Inategemea zamu."

Akatazama barabara ile mara moja, akatazama matairi yake, na akarudi Unguja. Makao makuu, naambiwa, waliandika kwamba mashine iko kwenye matumizi ya majaribio yanayoendelea, na kwa mara ya kwanza waliandika jambo la kweli.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaachia. Vifaa vyenu sasa ni vidogo zaidi, nasikia vingine ni pete tu. Pimeni, lakini tazameni tundu la mkanda, na mkisikia harufu ya udi ulizeni.

Wiki iliyopita nilikwenda Chake kwa shughuli za kiinua mgongo, nikazungushwa madirisha, nikakosa gari ya kurudi. Usiku uliotangulia sikuwa nimelala, wala ule kabla yake. Tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kuisikiliza saa ya zawadi. Pale njia panda ya Wesha lori likasimama. Kombo, mvi zimejaa, macho maangavu, akanifungulia mlango wa mbele. Kikapu kilikuwa katikati yetu, na kanga ni ileile, imefifia. Nyuma watoto walipanda Wingwi, wakaimba. Nakumbuka niliutazama mkono wake ukizungusha usukani taratibu kukwepa shimo, nikajisemea huyu mtu yu macho. Baada ya hapo sikumbuki.

Nilishtuliwa bega, kwa upole, na mtu aliyefundishwa na wake wawili namna ya kushtua.

"Bi Zuwena, tumefika. Lakini leo umekoroma, mama yangu, watoto nyuma wamekosa nyimbo."

"Muongo," nikamwambia, nikijitanda. "Mie sikoromi. Sijapata kujisikia hata siku moja."